Kama Linaweza Kunidai, Linaweza Kuniamsha

Nyumbani kwa cucu wangu, upande wa Othaya, kuna kifaa kimoja kinachoongea na mtandao usiku na mchana, na kifaa hicho si simu. Simu yake ni kabambe, ile ya kubonyeza, na akimaliza kuongea anaizima ili chaji isiishe. Ninachozungumzia ni boksi la sola lililopigiliwa ukutani juu ya kiti cha marehemu guka. Ndani yake mna betri, na kando ya betri mna laini ya simu ambayo cucu hajawahi kuiona wala hajui ina nambari gani. Ukilipa pesa ya siku, boksi linawaka. Usipolipa, kompyuta fulani inatuma amri na boksi linajifunga: taa zote tatu zinakufa, redio inakufa, waya wa kuchaji simu unakufa. Kabla ya kujifunga hulia tit-tit-tit kukukumbusha.

Ijumaa ya tarehe 26 Aprili 2024 boksi hilo lilikuwa limefungwa kwa siku ya tatu. Wa kulaumiwa ni mimi, kwa sababu mimi ndiye hulipa. Nilikuwa King'ong'o, mjini Nyeri, kwenye kachumba kangu ka kupanga, nikingoja mtu anilipe kazi ya kuandika niliyomfanyia tangu Februari. Mia mbili ya mwisho niliyokuwa nayo nilinunua data. Si unajua vile hii kazi iko? Bila data hakuna kazi, na bila kazi hakuna pesa ya boksi. Nikajiambia cucu atavumilia giza mpaka Jumatatu.

Usiku huo mvua ilinyesha kama imetumwa. Saa tano hivi nikaona watu mtandaoni wakisambaza tahadhari ya mvua kubwa, wengine wakiandika kwamba kwao udongo umeanza kuteleza. Nikampigia cucu. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Nikampigia jirani yake, naye hapatikani. Nilipiga mpaka saa nane, nikalala na viatu.

Saa tisa usiku, mteremko wa majani chai ulio juu ya boma la jirani uliachia. Ulibeba jiko lake, ukabeba ng'ombe mwenye mimba, ukasimama hatua kama thelathini kutoka dirisha la cucu. Aliyewaamsha watu ni kijana wa kukamua ng'ombe, aliyesikia miti ikivunjika akatoka akipiga nduru. Cucu alitoka na blanketi, bila viatu, gizani, kwa sababu hata tochi yake huchajiwa kwenye boksi. Hakuna mtu aliyekufa. Mimi nilijua hayo Jumamosi saa nne asubuhi, cucu alipoazima simu ya mwalimu mmoja na kuniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mume wangu, bado tuko." Huniita mume wake kwa sababu nimepewa jina la guka.

Jumatatu iliyofuata, alfajiri ya tarehe 29 Aprili, upande wa pili wa milima ya Nyandarua, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake ya chini kuziba yalivunja na kushuka Mai Mahiu. Yaliua zaidi ya watu 50. Wengi walikuwa wamelala.

Nimeifikiria ile Ijumaa kwa muda mrefu, na kila mara narudi pale pale. Boksi liliweza kusikia amri ya kumzimia cucu taa. Halikuweza kusikia amri ya kumwamsha. Hoja yangu basi ni hii: kifaa chochote cha nyumbani kinachoweza kufungwa kutoka mbali kwa sababu ya deni kilazimishwe na sheria kupitisha tahadhari ya hatari. Na wakati tahadhari iko hewani, kisifungwe.

Najua mjadala huu ukitajwa watu hufikiria nini. Huko kwa matajiri swali ni kama friji, spika inayojibu maswali na kengele ya mlango viwe vinatangaza tufani au moto wa msitu. Hapa tunacheka. Nani Karatina ana friji inayoongea? Mimi pia nilicheka, mpaka nikakumbuka kwamba sisi tuliingiza vifaa vya mtandao majumbani kabla ya wengi wao, ila tuliviingiza kupitia mlango wa deni. M-KOPA ilianza kuuza mitambo ya sola ya kulipa kidogo kidogo hapa Kenya mwaka wa 2012, na kampuni nyingine zikafuata. Boksi la cucu ni la mojawapo ya hizo zilizofuata. Jina silitaji, maana mtindo ni ule ule. Baadaye zikaja televisheni za mkopo, mitungi ya gesi yenye mita inayohesabu kila unapopika, na simu za mkopo zinazojifunga ukichelewa. Intaneti ya vitu, ile ambayo wahadhiri walikuwa wakituchorea ubaoni kama jambo la kesho kabla karo haijanitoa chuoni mwaka wa tatu, ilikuwa tayari imepigiliwa ukutani kwa cucu. Kitu pekee iliyofundishwa kusema ni "lipa."

Sasa tuangalie namna kitu hiki kinavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu imesimama. Boksi la aina ya cucu likifungwa, halifi lote. Lazima libaki likisikiliza mtandao, maana lisiposikiliza halitajua umelipa, na halitafunguka. Kwa hivyo hata kwenye nyumba yenye giza, yenye simu iliyozimika na redio iliyonyamaza, kuna sikio moja lililo macho. Hilo sikio lina sauti yake, ile tit-tit-tit. Lina taa ya kumweka. Halihitaji mtandao wa kasi. Amri ya kufunga au kufungua ni maneno machache, madogo kuliko picha moja ya WhatsApp. Kampuni inajua boksi liko wapi, kwa sababu iliandika eneo lako siku uliyosaini mkopo, na ajenti wake akakuja mpaka mlangoni. Kila kinachohitajika ili cucu aamshwe saa nane usiku kimeshalipiwa, na aliyekilipia ni cucu mwenyewe, hamsini kwa hamsini.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu tunayo. Tumeikodisha kwa wadai.

Kuna watu wanaopinga hili, na si wajinga. Nimebishana nao kwenye matatu ya kwenda Karatina, nimebishana nao kwenye kibanda cha chai, na nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza anasema: buda, tahadhari zipitie simu, kila mtu ana simu. Nakubali nusu. Simu ndiyo njia kuu, na kuna teknolojia nzuri kuliko meseji za kawaida. Mnara unaweza kurusha tangazo moja kwa simu zote zilizo chini yake kwa mpigo, bila kujua nambari ya mtu yeyote na bila foleni. Marekani wanaitumia tangu 2012. Simu inalia mlio wa ajabu mpaka unaruka kitandani. Hapa pia kila laini inapaswa kulia hivyo. Lakini simu iliyozimwa haisikii mnara. Na huku kwetu, nyumba ambazo stima haijafika, simu huzimika kwa sababu boksi limefungwa. Unaona vile mambo yameshikana? Yule asiye na pesa ya boksi ndiye asiye na chaji, na mara nyingi ndiye aliyejenga mahali pabaya, kando ya mto au chini ya mteremko, kwa sababu pazuri palishachukuliwa.

Wa pili anasema: vifaa vya nyumbani hufa stima ikipotea. Kwa ruta na televisheni za mjini, ni kweli kabisa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza. Mtu aliyekuwa akitegemea televisheni imwamshe usiku huo angelala fofofo. Ndiyo sababu naanza na boksi la sola na si televisheni ya ukutani. Lina betri yake. Najua Aprili jua ni haba na betri hushuka, na najua minara nayo huanguka au kuishiwa dizeli. Lakini tahadhari ya mafuriko haingoji mnara uanguke. Ikitumwa mapema, saa chache kabla, mnara bado umesimama. Na mlio wa sekunde thelathini hauli betri kama taa ya usiku mmoja.

Wa tatu ndiye ninayemheshimu zaidi, kwa sababu anaogopa kitu ambacho hata mimi naogopa. Anasema: unataka kuipa serikali mlango wa kuingia sebuleni? Umesahau? Sijasahau. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipokula kiapo Uhuru Park, serikali ilizima Citizen, NTV, KTN na Inooro TV. Mahakama Kuu ikaamuru zirudishwe, na bado zikakaa kimya siku kadhaa. Tarehe 25 Juni 2024, siku vijana walipofika bungeni, mtandao ulivurugika nchini tukiwa barabarani. Hapa Nyeri tulikuwa tunatafuta wenzetu kwa kupiga kelele kona kwa kona. Mtu aliyeona hayo ana haki ya kuuliza kama kesho boksi la cucu halitalia kumwambia asiende maandamano.

Jibu langu kwake ni kwamba mlango ushafunguliwa, ila hana ufunguo. Leo hii kampuni binafsi inaweza kuingia nyumbani kwa cucu na kuzima taa bila hakimu, bila chifu, bila kubisha hodi. Hilo hatulijadili kwa sababu tuliliweka sahihi kwenye mkataba ambao haukuandikwa kwa lugha ya cucu. Sheria ninayoitaka inafunga mlango zaidi ya inavyoufungua. Iorodheshe hatari kwa majina: mafuriko, maporomoko, bwawa kuvunjika, moto, tetemeko. Neno kama "usalama wa taifa" lisiwe humo hata kwa bahati mbaya. Tangazo liende upande mmoja tu, kutoka kwa mtaalamu kwenda kwa nyumba. Boksi lisirudishe chochote, lisisikilize, lisihesabu nani ametoka nje. Na kila tahadhari iliyotumwa iwekwe hadharani, na saa yake, na eneo lake, na jina la afisa aliyeidhinisha. Hapo ikitumiwa vibaya tutajua ni nani wa kupeleka mahakamani.

Wa nne anasema tahadhari za uongo zitafanya watu wazizoee. Anataja Hawaii, ambako tarehe 13 Januari 2018 simu zililia kwamba kombora linakuja. Halikuwa linakuja. Meseji ya kusahihisha ilichukua dakika 38 kufika, na kwa dakika hizo watu waliaga watoto wao. Ni hadithi ya kutisha, lakini soma vizuri inasema nini: kosa lilitumwa kwa kubonyeza mara chache, na hakukuwa na meseji ya kusahihisha iliyotayarishwa. Dawa yake ni kutayarisha. Na tukizungumza kuhusu kuzoea, hebu tuwe wakweli kuhusu nani ametuzoesha. Oktoba 2023 tuliambiwa El Niño inakuja, kisha Rais akasema wataalamu wamebadilisha utabiri na haitakuwepo, kisha mvua ikaja na kuua zaidi ya watu 100 nchini. Hakuna boksi lililolia hapo. Ni binadamu wenye maikrofoni waliotuchanganya. Mtu anayeweza kusema leo ndiyo na kesho hapana kwenye jukwaa la kisiasa hafai kuwa na kidole kwenye kitufe. Kidole kiwe cha mtabiri wa hali ya hewa na cha mhandisi anayelinda bwawa.

Wa tano ni cucu mwenyewe. Nilipomweleza wazo hili aliniuliza swali moja: "Likilia, niende wapi?"

Hilo swali linapaswa kubandikwa kwenye kila ofisi ya kaunti kuanzia Nyeri mpaka Embu. Mwanzoni mwa Mei 2024, baada ya Mai Mahiu, wizara ya usalama wa ndani iliwapa watu wanaoishi karibu na mabwawa 178 katika kaunti 33 saa 24 wahame. Tangazo lilipita kwenye televisheni, kwenye X, kwenye magazeti. Fikiria wewe ni mama mwenye watoto watatu, mbuzi wawili na simu iliyozimika. Kwanza hujasikia. Pili, ukisikia, saa 24 za kwenda wapi? Kwa hivyo tahadhari inayofika nyumbani lazima iseme mambo matatu kwa lugha ya nyumba ile, Gikuyu huku kwetu, Kimeru kule Meru, Kiembu kule Embu: nini kinakuja, kinakuja lini, na mwende wapi. "Mlima umeloa. Tokeni sasa. Shule ya msingi iko wazi." Boksi lisiloweza kuongea limweke na kulia kwa namna moja ambayo watu wamefundishwa maana yake kanisani, sokoni na kwenye baraza ya chifu, kisha redio na jirani wajazie maneno. Japan ina ishara ya redio na televisheni, tangu miaka ya 1980, inayoweza kuwasha kifaa kilichokuwa kimelala. Ishara hiyo ina kazi kwa sababu watu wanajua mlio ule ni wa nini na njia ya kupanda juu iko wapi.

Sidai boksi limrithi yule kijana wa nduru. Kikwetu nduru ya hatari huitwa mbu, na ukiisikia hukai kitandani kuuliza ni ya nani. Wazee walikuwa na mtandao wao. Ulitoka mgongo mmoja wa kilima hadi mwingine kwa koo za watu. Lakini siku hizi boma zimebaki na wazee wawili na mfanyakazi mmoja. Sisi wenye koo tuko King'ong'o, tuko Ruiru, tuko Qatar, tukipiga nambari isiyopatikana. Nduru inahitaji mtu wa kuipiga, na mtu huyo ni sisi, na hatuko.

Kazi inaanzia wapi? Inaanzia kwenye meza moja. Kifaa chenye laini ya simu hakiruhusiwi kuuzwa Kenya mpaka Mamlaka ya Mawasiliano ikikague na kukiidhinisha. Iongezwe sharti moja kwenye ukaguzi huo: onyesha kwamba kifaa chako kinaweza kupokea tahadhari ya eneo na kulia hata kikiwa kimefungwa kwa deni. Asiyeweza asiuze. Kampuni zitalia kuhusu gharama. Ziulizwe zilitumia gharama gani kutengeneza amri ya kufunga. Halafu sharti la pili, la mkataba: eneo likiwekwa chini ya tahadhari, maboksi yote ya eneo hilo yafunguke, yenye deni na yasiyo na deni, mpaka hatari ipite. Siku tatu za mwanga kwa kijiji kimoja haziwezi kuangusha kampuni. Siku tatu za giza zilikaribia kuniachia jeneza.

Naandika haya kama mtu mwenye hatia. Ningeweza kulipa. Nilichagua data, na kila nikikumbuka zile hatua thelathini najiuliza ningesema nini matangani. Lakini pia nakataa kwamba uhai wa mtu wa miaka 79 utegemee kama mjukuu wake amelipwa na mteja. Deni ni langu na kampuni, mlima hauhusiki. Anayetudai atudai Jumatatu, tukiwa hai.

Wiki jana nilikuwa kwa cucu. Tulikuwa nje tukichagua maharagwe, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye debe lililopinduliwa, boksi likaanza ndani ya nyumba: tit-tit-tit. Cucu hakuinua kichwa. "Mume wangu," akasema, "hao watu wako wanataka pesa yao." Nikatoa simu nikatuma hamsini. Kijana wa ng'ombe alikuwa zizini, mwisho kabisa wa boma, na hata yeye alikuwa amesikia. Alipiga kelele kutoka huko kuuliza kama nimelipa.